Vibao vya 50 na ukomo wa 80 kwenye barabara kuu: vina msingi au vimewekwa tu? Tujadili kwa vipimo

Lami Nzito (mleta uzi)

Wakuu, kila tukigusa habari ya mwendo barabarani mjadala unaishia kwenye tochi (kile kipima mwendo cha askari) na faini ya elfu thelathini. Uzi huu naomba tuuendeshe kwa namba. Swali ni moja: kwenye barabara kuu za Tanzania za njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, zile zisizo na ukuta wala bustani katikati, ile kilomita 50 kwa saa ya vijijini na 80 ya mabasi na malori zina msingi wa kitaalamu?

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipinge vizuri. 80 ya magari makubwa ina msingi usiotikisika. 50 nayo ina msingi, ila pale tu kijiji kinapogusa barabara. Kibao cha 50 kilichosimama porini, au kilichoanza na hakina mwisho, kinaua heshima ya vibao vya haki. Dereva akishapita vitatu visivyo na nyumba hata moja, cha nne chenye shule anakipita na 90.

Kisheria, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kifungu cha 51, inataja yale mawili tunayoyajua wote: 50 kwenye makazi, na 80 kwa gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500. Gari dogo likishatoka kwenye makazi linaongozwa na kibao kilichopo, pamoja na wajibu wa jumla wa kutoendesha kwa hatari.

Sasa namba. Chukua gari dogo lenye breki nzima na tairi nzuri, lami kavu na tambarare. Dereva aliye macho anahitaji kama sekunde 1.5 tangu aone hatari mpaka mguu ukandamize breki, na muda wote huo gari linakwenda kwa mwendo uleule. Kisha breki zinashika kwa nguvu. Tuseme zinapunguza mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde, yaani mtu amekanyaga hasa. Umbali wa kusimama:

Mwendo 50: mita 21 kabla ya breki, 14 za breki. Jumla mita 35.
Mwendo 80: mita 33 na 35. Jumla kama 69.
Mwendo 100: mita 42 na 55. Jumla 97.
Mwendo 120: mita 50 na 79. Jumla 129.

Mvua ikinyesha na tairi zikiwa zimelika kiasi, ile 7 ya breki inashuka mpaka 4 hivi. Hapo wa 100 anasimama kwenye mita 138, wa 120 kwenye mita 189.

Wengi wakiona jedwali kama hili husema tofauti ya 80 na 100 ni mita 28 tu, si kitu. Angalieni vizuri. Weka magari mawili sambamba, moja 80, jingine 100. Ng'ombe anaingia barabarani na madereva wote wawili wanamwona sekunde ileile. Pale gari la 80 linaposimama kabisa, lile la 100 linapita hapohapo likiwa bado na mwendo wa kilomita 71 kwa saa. Mita 42 za kwanza limezimaliza bila breki, na nguvu iliyomo kwenye gari hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 100 mwendo umeongezeka kwa robo, nguvu ya kuzimwa imeongezeka kwa asilimia 56.

Ihamishie hesabu hiyo kijijini. Wa 50 amesimama mbele ya mtoto. Wa 60 anamgonga kwa 43. Wa 70 anamgonga kwa 62. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anayetembea kwa miguu akigongwa kwa 50 uwezekano wa kufa ni chini ya asilimia 20, kwa 80 unakaribia 60. Huo ndio msingi wa 50. Anayesema imetolewa hewani aanzie hapo.

---

Semi ya Tunduma

Mleta uzi, hesabu ya breki sikupingi. Nakupinga kwenye bei, kwa sababu nyie wa vipimo huwa mnahesabu upande mmoja.

Kijiji chenye kilomita mbili za 50: ukipita na 50 unatumia sekunde 144, ukipita na 80 ni sekunde 90. Umepoteza sekunde 54. Peke yake si kitu. Lakini Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na vijiji vya aina hiyo ukivihesabu 40 tu, umeshapoteza dakika 36. Hapo sijaweka matuta na rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo).

Na semi si gari dogo kama Vitz. Trekta na trela lililopakiwa linafika tani 56. Kulishusha kutoka 80 mpaka 50 unatupa moto kwenye breki, kulirudisha 80 ni gia tatu nne na mafuta ya kutosha. Dereva anayefanya hivyo mbele ya shule anajua kwa nini anafanya. Anayefanya hivyo mbele ya pori la miombo anajiona anaonewa. Sitetei kuvunja sheria. Nasema kibao kisicho na sababu kina gharama, na gharama hiyo inalipwa na mtu.

---

Kijana wa Chalinze

Wakuu naomba kuuliza. Ujerumani hawana ukomo kabisa kwenye barabara kuu na hawafi kama sisi. Kwa hiyo tatizo si mwendo, tatizo ni barabara na magari mabovu. Tujenge barabara nzuri tuache kubanana na 80.

---

Lami Nzito

Kijana, swali lako ni zuri na jibu lake linausaidia uzi, ila unalinganisha vitu viwili tofauti.

Autobahn, hiyo barabara kuu ya Ujerumani unayoisema, ina njia mbili au zaidi kila upande, ukuta wa kati, hakuna makutano ya moja kwa moja, hakuna baiskeli, hakuna mtu wa miguu wala ng'ombe. Hata huko kuna mwendo unaopendekezwa wa 130 tangu 1978, na sehemu nyingi zina kibao cha ukomo. Gari kubwa ukomo wake ni 80. Barabara ya Ujerumani inayofanana na Morogoro–Iringa ni zile za mashambani za njia mbili, na huko ukomo wa gari dogo ni 100 tangu 1972. Na hukohuko kwenye njia mbili, si kwenye Autobahn, ndiko wanakokufa zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani Ujerumani.

Wafaransa waliliona hilo. Julai 1, 2018 walishusha njia mbili zisizo na kizuizi cha kati kutoka 90 hadi 80. Watu wa vijijini walikasirika sana, na baadaye mikoa ikaruhusiwa kurudisha 90 pale inapoona inafaa. Waswidi ndio walioandika kanuni iliyo wazi kuliko zote. Wanaanza na mwili wa binadamu unavyoweza kuhimili: mahali mtu wa miguu anapochanganyika na magari, 30. Mahali gari linaweza kugongwa ubavuni kwenye makutano, 50. Mahali magari yanaweza kukutana uso kwa uso, 70. Ukitaka zaidi ya hapo, jenga kizuizi. Na wamejenga kweli: barabara za njia tatu zenye waya wa chuma katikati, upande huu unapata njia mbili kwa kilomita kadhaa, kisha zamu inahamia upande wa pili. Kupitana kunafanyika bila mtu kuingia upande wa mwenzake.

Kwa hiyo uko sahihi kwamba barabara nzuri inaruhusu mwendo mkubwa. Uzuri huo, hata hivyo, hauko kwenye lami kuwa laini. Lami laini bila kizuizi cha kati ndiyo inayoua kuliko yenye mashimo, kwa sababu kwenye mashimo hakuna anayefika 120.

---

Semi ya Tunduma

Hapo kwenye uso kwa uso umegusa penyewe. Niweke hesabu ya kuovateki, maana vijana wa magari madogo wanaidharau.

Semi yenye mita 22 inakwenda 70. Wewe uko nyuma unataka kupita na 90. Tofauti ni 20 tu, yaani mita 5 na nusu kwa sekunde. Unahitaji kufidia urefu wa semi mita 22, gari lako mita 4 na nusu, nafasi ya nyuma kama mita 20 ulipoanzia, na mita 25 za mbele ndipo urudi bila kumkata. Jumla mita 71 na ushee: sekunde 13. Ndani ya sekunde 13 wewe umekwenda mita 325. Anayekuja mbele yako kwa 100 naye amekwenda mita 360. Maana yake ulipoanza kutoka ulipaswa kuona lami tupu karibu mita 690. Ngapi kati yenu mnaangalia mita 690? Wengi wanatoka wakiona 300.

Na ukisema utaongeza mpaka 120 ili upite haraka: kweli unapita kwa sekunde 5 hivi na ushee, ila ukikuta mambo yamebadilika, mita zako za breki ndizo zile 129 alizoandika mleta uzi.

---

Fundi Gavana

Naomba nichangie upande wa vifaa, kwa sababu 80 bila kifaa ni maandishi.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Spidi gavana inabana injini. VTS, mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), haibani kitu, inapeleka taarifa: gari liko wapi, linakwenda mwendo gani, na likivuka ukomo kifaa kinalia ndani ya basi. Abiria mkisikia ile milio mfululizo, hiyo ndiyo. Dereva naye anatakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya safari ili ijulikane nani alikuwa kwenye usukani saa ngapi.

Gavana inafanya kazi hivi. Kuna kihisi kwenye gia boksi kinachotoa mapigo ya umeme kadiri shafti inavyozunguka. Kisanduku cha gavana kinahesabu mapigo, kinayageuza kuwa kilomita kwa saa kwa namba iliyoingizwa wakati wa kukifunga, yaani mapigo mangapi kwa kilomita moja. Ikifika 80, kwenye gari lenye pedali ya umeme kinadanganya ishara ya pedali, injini inaona mguu umeachia. Kwenye pampu ya zamani ya dizeli kinabana mafuta kwa vali au kinavuta waya wa mafuta.

Sasa yanapoharibika:

Tairi. Namba ya mapigo imewekwa kwa tairi fulani. Ukifunga gavana gari likiwa na 295/80 R22.5, kisha ukavalisha 315/80 R22.5, kipenyo kinatoka milimita 1,044 kwenda 1,076. Hiyo ni asilimia 3. Gavana inasoma 80, gari linakwenda 82.5. Hakuna aliyechezea kitu, ila hakuna aliyerudi kupima. Ukibadili ukubwa wa tairi au diferensho, gavana ipimwe upya.

Mlima. Hili ndilo watu hawaambiwi. Gavana inakata mafuta, haishiki breki. Semi ikishuka mteremko mrefu, mguu hauko kwenye mafuta kabisa, inapita 80 na gavana imekaa tu. Tajiri anayesema "gari langu limefungwa 80" aelewe kwamba limefungwa kwenye tambarare na kwenye kupanda.

Hujuma. Swichi iliyofichwa chini ya dashibodi inayokata umeme wa kisanduku, sumaku karibu na kihisi ili mapigo yapungue, au kuingiza namba ya uongo. Kuzigundua si kazi: simu yenye GPS kwenye dashibodi, kilomita mbili za tambarare, linganisha. GPS ikiwa inaona anga vizuri haipishani na mwendo halisi zaidi ya kilomita moja hivi kwa mwendo usiobadilika. Ikisoma 95 na gavana "inafanya kazi", mtafute aliyefungua lakiri ya waya. Kwa sababu hiyohiyo VTS ni ngumu kudanganya kwa tairi: yenyewe inasoma satelaiti, haijali gia boksi. Wanachofanya wajanja ni kuikata umeme au kuifunika antena, na hapo kwenye ramani gari linapotea kwa dakika kadhaa kisha linaibukia mbele. Gawa umbali uliorukwa kwa muda uliopotea, utapata wastani wa mwendo aliokuwa anauficha.

---

Nakuru Kaskazini

Ndugu zangu wa Tanzania, salamu kutoka Kenya. Sisi ukomo wetu uko wazi zaidi kwa gari dogo: 110 kwenye barabara iliyogawanywa katikati, 100 kwenye njia mbili za kawaida, 50 mjini. Matatu, basi na lori kubwa 80. Gavana za matatu tunazo tangu kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, pamoja na mikanda na ule mstari wa manjano. Miezi ya kwanza nidhamu ilikuwa ya ajabu. Kilichokuja kuzidhoofisha ni hayo anayosema Fundi: waya, swichi, na ukaguzi wa mara moja kwa mwaka ambao gari linapelekwa limetengenezwa siku hiyo tu.

Kuhusu mteremko, mfano wetu ni Salgaa mpaka Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Malori yalikuwa yanateremka frii, yaani gia ikiwa imetolewa, kuokoa mafuta. Baada ya ajali ya Desemba 31, 2017 pale Migaa, sehemu ile ikatenganishwa katikati, lori likikosa breki lisivuke kwenda kwa wanaopanda. Hapo kibao cha mwendo kilikuwepo miaka yote. Kilichobadilisha hali ni ukuta.

Na hiyo frii yenyewe haiokoi kitu. Injini ya kisasa ya dizeli ikiwa ndani ya gia na mguu umeachia, kompyuta inakata mafuta yote, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka frii injini inahitaji mafuta ili isizime. Yaani unalipa mafuta ili uondolewe breki ya injini.

---

Semi ya Tunduma

Nakuru, hilo libandikwe kwenye kila ofisi ya usafirishaji.

Niongezee la miteremko ya Kitonga na Sekenke, na ile ya Mbeya kuanzia Inyala. Ukomo wa mteremko haupangwi na kibao peke yake, unapangwa na uzito wako. Kanuni ya zamani: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Ingiza gia hiyo ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, maana ukishachelewa haiingii tena, unabaki frii bila kupenda. Breki ya egzosi au ritada (kifaa kinachopunguza mwendo bila kutumia viatu vya breki) ndiyo ibebe kazi. Breki ya mguu ikanyage kwa nguvu mpaka ushuke kilomita kama 10 chini ya mwendo unaoutaka, uachie, mwendo ukipanda tena ukanyage. Anayeishikilia kidogokidogo njia nzima anaipika.

Kinachotokea ndani: dramu inapata moto, inatanuka, inakimbia viatu vya breki. Fimbo ya chemba ya upepo, ile inayosukuma viatu, inalazimika kutoka nje zaidi ili vifikie. Ikifika mwisho wa urefu wake, upepo upo, geji inasoma vizuri, mguu umekanyaga mpaka chini, na gari halishiki. Dereva anasema breki zimefeli ghafla. Hazikufeli ghafla, zilianza kufeli kilomita nne nyuma. Harufu ya viatu kuungua ndiyo onyo la mwisho, hapo simama na usimwagie dramu maji, itapasuka. Subiri ipoe yenyewe.

---

Kijana wa Chalinze

Nashukuru kwa elimu. Na kona je? Kuna kona zina kibao cha 60 na gari dogo linapita na 100 bila shida. Kwa nini?

---

Lami Nzito

Kwa sababu kona haikupimwa kwa gari lako, imepimwa kwa mbaya zaidi atakayepita hapo siku ya mvua.

Kanuni ni fupi: mwendo kwa mraba, gawa kwa 127, gawa kwa nusu kipenyo cha kona. Jibu ni msukumo wa pembeni, kama sehemu ya uzito wa gari, na msukumo huo unabebwa na vitu viwili, mwinamo wa lami na msuguano wa tairi. Chukua kona ya nusu kipenyo mita 252 yenye mwinamo wa asilimia 6. Kwa 80 msukumo ni 0.20. Mwinamo unabeba 0.06, tairi inabaki na 0.14, abiria hata hawayumbi. Kwa 100 tairi inabeba 0.25. Kwa 110 inabeba 0.32. Lami kavu na tairi mpya itakubali. Lami yenye mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ikiwa na mafuta na vumbi juu, haitakubali kwa tairi iliyolika.

Na lori refu lililopakiwa juu juu halisubiri tairi iteleze. Likikaribia 0.35 jumla linaanza kulala. Kwenye kona hiyohiyo, 0.35 inafikiwa kwa kilomita 106 kwa saa. Dereva wa gari dogo akipita hapo na 100 na mkono mmoja, hajathibitisha kwamba kibao ni cha uongo.

---

Wakili wa Pembeni

Wakuu, turudi kwenye 50 na tochi, kwa sababu ndiko wengi wanakoumia na ndiko watu wanakosa la kusema.

Tochi za leza zina mwale mwembamba, kama sentimita 90 kwa umbali wa mita 300, kwa hiyo zinaweza kuchagua gari moja. Rada ya mkononi mwale wake ni mpana. Wenye nyuzi 12 kwa umbali huohuo umeshafunika upana wa mita 60, na gari kubwa nyuma yako linaweza kusomwa badala yako. Pembe nayo: askari akisimama pembeni sana kipimo kinapungua, hakiongezeki. Kwa nyuzi 10 kinapungua kwa asilimia 1.5. Hoja ya "alikaa vibaya ndiyo maana imesoma juu" haina mguu kwa gari linaloonekana peke yake.

Ukisimamishwa, omba kuona picha, na uangalie vitu vinne: namba ya gari inasomeka, mwendo, umbali, na saa. Kisha jambo la tano ambalo watu hawaliangalii: mahali. Picha inaonyesha gari lilipigwa wapi. Kama ni kabla ya kibao cha 50 au baada ya kibao cha kumaliza, hiyo ndiyo hoja yako, na unaitoa kwa adabu palepale ukiwa na picha ya kibao chako. Ukiona huridhiki, una haki ya kukataa kukiri kosa na shauri likaenda mahakamani. Usigombane barabarani.

Mshale wa dashibodi usiutegemee kupita kiasi. Kanuni ya kimataifa inataka spidomita isisome kamwe chini ya mwendo halisi, na inaruhusiwa kuzidisha. Kwa hiyo gari lenye tairi zake za kiwandani likisoma 50, mwendo halisi huwa ni 46 mpaka 49. Mkivalisha tairi kubwa kuliko za kiwandani mnakula ile akiba, na mnapigwa tochi mkiwa na uhakika kwamba hamkuzidisha.

---

Semi ya Tunduma

Wakili, na kile kibao cha kumaliza 50 kikiwa hakipo?

---

Wakili wa Pembeni

Hilo ndilo donda. Vibao vya chuma vinang'olewa na kuuzwa chuma chakavu, cha kuanzia kinabaki cha kumaliza kinaondoka. Kwa usalama wako mwenyewe, endelea na 50 mpaka makazi yaishe waziwazi au ukutane na kibao kingine. Askari akikupiga kilomita tatu mbele ambako hakuna nyumba, hoja yako ni kwamba ukomo wa makazi unafuata makazi. Peleka ushahidi wa picha za pande zote mbili za barabara, si maneno.

---

Lami Nzito

Wakili amenirudisha kwenye msimamo wangu wa mwanzo, na nimalizie kwa upande wa kazi, maana kulalamika hakurudishi kibao.

Kibao cha 50 kinachofaa kinapimika. Kwanza, kionekane. Gari la 100 likipunguza taratibu bila kukanyaga breki ya kushtua linahitaji mita 290 kufika 50, la 80 linahitaji 150. Kama kibao kiko nyuma ya kona au mti na dereva anakiona akiwa mita 80, kunatakiwa kibao cha kati cha 80 kabla yake, au kihamishwe. Kuweka tochi mita 50 baada ya kibao cha namna hiyo ni kupima uwezo wa macho. Pili, kianze pale shughuli zinapoanza: nyumba zinazofungukia barabarani, kituo cha basi, gulio, kisima ng'ambo ya lami, njia ya wanafunzi. Nyumba zilizo mita 200 ndani zenye barabara yao ya mchepuko si sababu. Tatu, kimalizwe. Nne, kama shule au soko liko hapo, 50 haitoshi: weka kivuko chenye tuta lililochorwa rangi, na rasta kabla ya tuta, ili mwendo ushuke mpaka 30 bila kumtegemea askari. Tuta lisilochorwa ni hatari kuliko kutokuwa na tuta, usiku dereva analiona akiwa juu yake.

Mikumi ni mfano wa ukomo unaoeleweka na kila mtu. Barabara inakata hifadhi kwa kilomita kama 50, wanyama wanavuka, usiku twiga na nyati hawaonekani mpaka wafike kwenye taa. Taa za chini zinakuonyesha kama mita 40 mpaka 60. Rudi kwenye namba za juu: mita 60 za kuona ni kama mita 60 za kusimama, na hiyo ni kilomita 70 kwa saa, mchana wa ukavu na dereva asiyesinzia. Usiku inabidi ushuke zaidi. Hapo sioni anayebisha, kwa sababu sababu inaonekana kwa macho.

Kwa vibao vibovu, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, barua inakwenda kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa husika. Za wilaya na vijiji ni TARURA. Barua isiseme "vibao vingi havifai". Andika jina la barabara, namba ya jiwe la kilomita lililo karibu, upande wa kwenda wapi, na koodineti kutoka kwenye simu. Ambatanisha picha tatu: kibao kilivyo kikionekana kutoka mita 100, kilichopo kushoto kwake, kilichopo kulia. Eleza unachoomba: kihamishwe mita ngapi, kimaliziwe wapi, kikatwe mti gani. Nakala mpelekee Kamanda wa Usalama Barabarani wa mkoa, kwa sababu tochi inawekwa na watu wake.

Semi, wewe na wenzako mnaijua T1, yaani barabara ya Dar mpaka Tunduma, kibao kwa kibao. Wekeni hapa vilivyokosa mwisho kuanzia Mlandizi, jiwe la kilomita na upande, nitaviweka kwenye jedwali moja kwa kila mkoa.

---

Semi ya Tunduma

Sawa mkuu. Tutaanza na Morogoro mpaka Iringa, kisha Iringa mpaka Makambako. Vya kwenda na vya kurudi nitavitenganisha, maana mara nyingi vya upande mmoja vipo na vya upande wa pili vimeng'olewa. Na vile vinavyotakiwa kuongezwa je, navyo niweke? Kuna magulio kando ya lami hayana kibao chochote.

---

Lami Nzito

Hivyo viweke vya kwanza. Andika na siku ya gulio.